Mgongo wa Anzameni

Mawingu yalikaa juu ya Ihanja juma zima, mazito, hayanyeshi wala hayaondoki, na mdogo wangu Anzameni akazidi kunenepa. Machale yakanicheza. Mtu anayeishi kwa jua anatakiwa akonde jua likikosekana, kama vile mche wowote uliofunikwa ndoo. Anzameni alikuwa na mashavu.

Nilikuwa nimemkalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba yangu, shati kavua, nikimpogoa. Jani la mgongoni lina tabia ya kutambaa. Lisipokatwa kingo kila wiki hupanda shingoni na kuingia kwenye nywele. Kazi hiyo ni ya dada, na asiye na dada hupogolewa na shangazi. Mke hapogoi, ni mwiko, nami sijawahi kupata mtu wa kunieleza kwa nini.

"Umeshiba wewe," nikamwambia kwa utani.

"Jua, dada."

"Jua lipi? Hili lililojificha?"

"Hata penye mawingu mwanga unapita. Si wewe ndiye unayewafundisha watoto hivyo?"

Ni kweli, nawafundisha hivyo. Nilichukia kujibiwa kwa somo langu mwenyewe, tena na mtu aliyekuwa akilala darasani. Nikaendelea kukata, vipande vya kijani vikianguka miguuni, na kila kipande kilivyoanguka ndivyo shaka yangu ilivyozidi.

Huwezi kumwuliza Mjani, mtu anayelishwa na jani lililopachikwa mgongoni, kama anakula. Ni tusi, afadhali umwite mwizi. Watoto waliozaliwa baada ya mvua kuhama hawakuwa na kibaba chao katika ghala la Ushirika; ili mtoto mmoja apate, mkubwa mmoja lazima aache chake. Ndiyo sababu Daktari Mkumbo alipokuja na jani lake tulimshangilia mpaka sauti zikakauka. Anayepachikwa hubeba mafiga yake matatu hadi Uwanja wa Jua, akamkabidhi ndugu mbele ya watu, na tangu siku hiyo jiko lake halifuki moshi. Kibaba chake kinahamia kwa mtoto aliyemtaja. Anzameni alimtaja Tumsifu, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Elipendo. Mafiga yake niliyapokea mimi. Nililia siku ile kwa fahari, na sasa nilikuwa nimemsimamia mgongoni nikimdhania mabaya.

Basi nikafanya ujanja. Nikamgusa jani kwa ncha ya mkasi, kidogo tu, akaruka.

"Ah! Dada!"

"Pole, mkono umeteleza. Tulia nikubandike plasta."

Nikachukua plasta nyeusi, ile pana ya kufungia mabomba, nikambandika kipande kikubwa kuliko jeraha, kwenye bega ambako jua hupiga zaidi. "Usiibandue mpaka nikupogoe tena," nikamwambia. Akaitikia kwa heshima. Anzameni amenisikiliza tangu utotoni, na hilo lilinichoma moyo kidogo, lakini sikuibandua.

*

Kila mwaka nawafanyia watoto jaribio lile lile. Tunachukua mmea wa chungu, tunafunika nusu ya jani kwa karatasi nyeusi, tunauweka juani. Nawaambia jani ni jiko. Mizizi inaleta maji, vitundu vidogo upande wa chini vinavuta hewa ukaa, ile ile tunayoitoa puani, na klorofili, hiyo rangi ya kijani, inanasa mwanga. Mwanga ndio moto wa jiko hilo. Unayapasua maji, oksijeni inatoka nje tukaipumua sisi, na kilichobaki kinaungana na hewa ukaa kikawa sukari. Sukari ikizidi, jani linaiweka akiba kama wanga. Upande uliofunikwa hauna moto, kwa hiyo haupiki, na akiba iliyokuwepo inakwisha.

Siku ya kupogoa ilipofika jua lilikuwa limerudi. Anzameni alikuwa amekaa uwanjani tangu asubuhi. Nilibandua plasta, nikakata kipande kinachoshika pande zote mbili, uliokuwa wazi na uliofunikwa, nikakifunga kwenye leso na kwenda nacho shuleni baada ya watoto kuondoka.

Nilikichovya kwenye maji yanayochemka. Nikakiweka kwenye kopo la spiriti, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, maana spiriti haipelekwi motoni moja kwa moja isipokuwa na mtu aliyechoka na nyusi zake. Kijani kikatoka polepole na kuingia kwenye spiriti, kipande kikabaki cheupe kama ganda la kitunguu. Nikakisuuza, nikakitandaza kwenye kisahani, nikadondosha ayodini.

Palipo na wanga, ayodini hugeuka buluu iliyoiva, karibu nyeusi. Pasipo na wanga hubaki kahawia. Upande uliokuwa juani uligeuka mweusi. Nikashusha pumzi. Nilikuwa tayari kwenda kumwomba mdogo wangu radhi kimoyomoyo.

Kisha na ule uliofunikwa ukageuka mweusi.

Nilifikiri nimechanganya pande. Nikatazama tena: alama ya gundi ya plasta ilikuwa pale pale. Kiza kilikuwa kimekaa juu ya sehemu ile wiki nzima, haukupita mwanga wowote, na bado ilikuwa imejaa akiba. Jani haliwezi kupika gizani. Likikutwa na wanga gizani, basi limeletewa sukari kutoka kwingine, na jani la Anzameni lilikuwa na mahali pamoja tu pa kuletewa: damu yake.

Nilikaa kwenye benchi la wanafunzi. Nilikuwa nimeshuku kwamba mdogo wangu anakula. Sikuwa nimeshuku kwamba analiwa.

*

Sasa swali lilikuwa moja: anakula wapi? Hana mafiga, hana kibaba. Niliwashuku walinzi wa ghala, nikamshuku jirani yake, nikamshuku hata mchungaji. Halafu nikakumbuka kwamba kopo la unga nyumbani kwangu huwa linashuka kuliko ninavyopika, na kwamba Elipendo, ninayeishi naye pamoja na wanawe wawili, amekonda mpaka pete inamvuka kidoleni. Siku zote nilisema ni kunyonyesha.

Kesho yake niliwapa wanafunzi kazi ya kuchora, nikarudi nyumbani mchana kabla ya wakati wangu. Sikubisha hodi. Mtu habishi hodi kwake.

Walikuwa nyuma ya nyumba. Ugali wa uwele ulikuwa kwenye sinia, mlenda kwenye bakuli, na Anzameni alikuwa akila kwa pupa, jasho likimtoka. Elipendo alikuwa amekaa kando, kichanga mgongoni, yeye mwenyewe hali kitu. Anamtazama tu mjomba wake jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa akinywa dawa.

Anzameni aliponiona tonge lilimwanguka.

"Dada," akasema. "Dada, usipige kelele."

"Sijafungua mdomo."

"Mama, nisikilize kwanza," akadakia Elipendo. "Ni chakula changu. Sijagusa chako wala cha Tumsifu. Ule unga wako nilichota mara chache tu, akizidiwa."

"Tangu lini?"

Elipendo akamtupia jicho mjomba wake. Halafu Anzameni akafunika uso kwa mkono wenye mlenda. "Tangu mwanzo. Jani langu halikushika, dada. Wenzangu wote wanashiba pale uwanjani, wanacheka, wanaota jua. Mimi peke yangu njaa inanitafuna. Nilidhani litakuja kushika. Ningesemaje? Nikisema, Tumsifu anaondolewa kibaba."

"Wenzako wanashiba, umewauliza?"

"Nani anamwuliza Mjani hivyo?"

Niliketi. Nikawaeleza kuhusu plasta, na sikuona haya, ingawa Anzameni alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Nikawaeleza kuhusu kisahani. "Ugali unaokula unakuwa sukari damuni mwako," nikamwambia. "Jani limetia vimizizi kwenye damu hiyo. Lilikusudiwa likumiminie sukari. Badala yake linaivuta. Kupika kwa jua ni kazi ngumu, na hapo lilipo pana sukari imeshapikwa. Kwa nini lijisumbue?"

"Kwa hiyo silishwi."

"Unalilisha wewe. Ndiyo maana unakula kuliko mtu mzima na bado unasikia njaa. Hayo mashavu ni uvimbe, mdogo wangu. Jiminye mwenyewe uone."

Akajiminya. Kidole kiliacha shimo, halikujaa upesi.

"Hata lingefanya kazi," nikaendelea, maana nikishaanza kufundisha sijui kuacha, "shamba zima la uwele hukaa juani msimu mzima, majani yote yametandazwa, ndipo lilishe nyumba moja. Mgongo wako una upana wa ungo. Hesabu hiyo nilitakiwa niifanye siku ya kwanza, badala ya kulia kwa fahari."

Elipendo alikuwa akimbembeleza mtoto. Akasema bila kunitazama, "Mama, Jumamosi nakabidhi mafiga."

"Baada ya haya niliyosema?"

"Huyu wa mgongoni ataacha ziwa. Hana kibaba. Ataandikiwa na nani? Wewe ngozi yako imezeeka, hawakupokei. Baba yao ndiye huyo aliyekwenda kutafuta mvua akaipata akabaki nayo. Nimebaki mimi." Sauti yake haikutetemeka. "La mjomba halikushika. Langu litashika. Mimi bado kijana."

Nilimwona nikatamani kumpiga, na nikatamani kumbeba kama zamani.

*

Daktari Mkumbo alinipokea kwa adabu. Yeye naye ni Mjani. Pale uwanjani hukaa mstari wa mbele, na joho lake limekatwa mgongoni ili jani lipumue.

"Karibu, Mwalimu. Habari za shule?"

"Nzuri, kama watoto wembamba ni habari nzuri."

Nikaweka kisahani mezani. Alikitazama kwa muda, bila kukigusa.

"Hiki ni nini?"

"Mgongo wa Anzameni. Hapa palikuwa juani, hapa palikuwa chini ya plasta nyeusi wiki nzima."

Daktari hakuhitaji maelezo. Akainuka, akafunga dirisha, halafu mlango. "Umemwonyesha nani mwingine?"

Mtu mwenye moyo safi haanzi na swali hilo. Nikajiambia, huyu anajua. Huyu amejua siku zote, na ametuvisha kilemba cha ukoka huku akitunza jina lake.

"Jani lake halikushika barabara," akasema. "Hutokea."

"Kwa wangapi?"

"Wachache."

"Wangapi, Daktari? Umewapima?"

Alirudi akakaa, akaegemea meza kwa viwiko. "Tuseme ni zaidi ya wachache. Tuseme, Mwalimu, naongea tu. Nawarudishia vibaba vyao. Ghala halina nyongeza, unalijua. Kila Mjani ninayemrudisha namtoa mtoto mmoja. Wewe unawajua wote, unawaita kwa majina kila asubuhi. Nitajie wa kwanza kutolewa."

Nyuso zao zilipita mbele yangu benchi kwa benchi, na sikuweza kutaja hata yule mtundu anayenichora kwenye daftari akanipa pembe.

"Huoni?" akasema kwa upole, na upole huo ulinitia hofu kuliko angenifokea. "Mwache binti yako Jumamosi apate heshima yake."

Nilichukua kisahani changu nikaondoka. Njiani nilihisi kila mtu ananitazama, na huenda hakuna aliyekuwa akinitazama.

*

Jumamosi jua lilikuwa kali. Wajani walikuwa wamekaa kwa mistari, migongo kwetu, kijani kinang'aa kama mboga iliyomwagiwa maji. Nikasimama nikiitazama ile migongo, na nikashuku kila mmoja. Yule mwenye mikono kama vijiti, kwa nini tumbo lake limejaa? Yule mama wa pembeni, kwa nini mumewe amekauka hivyo? Tulikuwa tumelaumu ukame kwa wembamba wa watoto wetu. Ukame ulikuwa na msaidizi.

Elipendo alikuja na mafiga yake kwenye kikapu kichwani. Alikuwa amevaa vizuri, amesuka, na watu walimpigia vigelegele. Akayapanga mbele ya miguu yangu, akapiga goti.

Msimamizi akauliza kama desturi. "Mama Elipendo, unapokea?"

Mpokeaji hujibu "nimepokea" mara tatu, na kila jibu hushangiliwa. Bila mpokeaji mtu hapachikwi, kwa kuwa haijulikani moto wake umekwenda wapi.

"Sipokei," nikasema.

Vigelegele vilikatika. Elipendo aliinua uso, macho yamejaa machozi na hasira. "Mama, usinifanyie hivi mbele za watu."

"Nakufanyia hivi hivi, mbele za watu."

Nilikuwa nimekuja na mfuko wangu, na watu walidhani nimebeba zawadi. Nikatoa sufuria, chupa ya maji, unga, na vijiti vikavu. Kiberiti cha kwanza kikazimika. Moshi ni marufuku pale kwa sababu unaziba jua, na msimamizi alinijia mbio, lakini nilimtazama kwa jicho ninalowatazamia wanafunzi, na yeye alikuwa mwanafunzi wangu. Akasimama. Nikateleka juu ya mafiga ya binti yangu. Unga ule ndio uliokuwepo nyumbani, wote.

Ugali ulipoanza kunukia, migongo ikaacha kutulia.

"Anzameni," nikaita. "Njoo ule."

Mtu mmoja akapaza sauti nyuma yangu. "Mwalimu! Unamtukana mdogo wako!"

Anzameni hakugeuka. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka, na nikajua namvua nguo mbele ya mji mzima, na kwamba asipoinuka nitakuwa nimempoteza yeye na Elipendo kwa siku moja. Nikaendelea kusonga. Sikuwa na la kufanya jingine.

Akainuka. Akapita kati ya wenzake ameinamisha kichwa, akachuchumaa mbele yangu, akanyoosha mkono. Nikampa. Akala.

"Jani langu halikushika," akasema akiwa na chakula mdomoni, sauti ndogo. "Nawaomba radhi, jamani. Ni langu tu."

Nilitazama mstari kwa mstari. Kisha mama mmoja wa makamo, Bi Nyanso, ambaye tulimwimbia kuliko wote kwa kuwa aliwaachia kibaba wajukuu mapacha, aligeuka. Alimtazama Anzameni, halafu akamtazama jirani yake, halafu wa pili yake.

"Na langu," akasema. "Langu pia halikushika. Nilidhani ni kwa dhambi zangu."

"Na lako?" akauliza mwingine, kwa mshangao. "Mbona ulikuwa unacheka?"

"Si ulikuwa unacheka wewe!"

Wakaanza kuinuka. Hawakukimbia, waliinuka kwa aibu, mmoja akimsubiri mwenzake, na kila aliyeinuka alitazama nyuma kuona nani amebaki. Sufuria haikuwatosha. Nilimega vidonge vidogo, vidogo zaidi, vya kuonja tu. Elipendo alikuwa bado amepiga goti pale pale. Kisha akanawa mikono akaanza kunisaidia kumega, hasemi nami.

Wa mwisho alikuwa Daktari Mkumbo. Alisimama kwenye foleni kama wengine, na joho lake lilikuwa limemvuka begani. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu siku ya kisahani. Alipofika mbele yangu hakunyoosha mkono.

"Nilijipachika mwenyewe," akasema. "Kwa kioo, peke yangu. Nilijua langu nimelikosea. Ya wengine niliyafanya vizuri, Mwalimu, nilikuwa na hakika. Ulipoleta la Anzameni nikasema ni mawili tu."

Makali yote yakaniishia. Nikamwekea kidonge kiganjani, cha moto, na akakitia kinywani bila kukipuliza.

"Tuyabandue," nikamwambia. "Midomo iliyozidi mjini hapa ni hiyo iliyo migongoni."

"Tutayabandua. Na bado chakula hakitatosha, unajua. Nani atapunguziwa?"

"Wote."

Alitikisa kichwa akaondoka, akinyonya kidole. Nilikwangua sufuria. Tumsifu alikuwa ameletwa na majirani, amesimama na kibakuli chake, amesikia harufu akajua ni saa ya kula. Nilimpakulia, kidogo kuliko jana. Alitazama ndani ya kibakuli, kisha akanitazama mimi, akisubiri niongeze.